Duka la Vyombo vya Zamani Ujiji: Cha Kununua na cha Kuacha Rafuni

Sehemu nyingi za Tanzania, ukisikia kuna chombo cha zamani cha Ulaya, tarajia cha Mwingereza, na ukibahatika sana cha Mjerumani. Kigoma ina habari yake. Wabelgiji waliuteka mji huu Julai 1916 na Tabora Septemba mwaka huohuo. Utawala ulikwenda kwa Waingereza, lakini mkataba wa 1921 uliwaachia Wabelgiji eneo lao bandarini Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Mizigo ya nyumbani iliyokuwa ikienda Usumbura, leo Bujumbura, au Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ilishuka kwenye treni hapa na kupanda meli hapa. Mpaka leo boti zinazovuka ziwa huleta na kupeleka vyombo vya watu. Kwa hiyo anayekusanya kauri na vioo vya Ubelgiji na Ufaransa hana haja ya kuhangaika Dar es Salaam. Apande daladala ya Ujiji.

Duka lenyewe halina kibao. Mbele limejaa mabeseni ya plastiki, chupa za chai mpya na ndoo, na mpita njia hawezi kujua kuna kingine. Vyombo vya zamani viko chumba cha nyuma, kwenye rafu tatu za mbao na chini yake. Mwulize bibi mwenye duka “vyombo vya wazee” naye atakupisha. Nenda asubuhi, kwa sababu chumba kina balbu moja na mwanga wa dirisha huondoka mapema. Ufa mwembamba kama unywele hauonekani kwa balbu ile.

Hukumu kwa kifupi, kwa mwenye haraka: sahani na mabakuli ya Ubelgiji na Uholanzi, nunua. Glasi za Kifaransa za kila siku, nunua bila wasiwasi. Vioo vya taa, nunua kabla wengine hawajashtuka. Seti za chai, kagua kipande kimoja kimoja. Kinachoitwa “kristali” hapo dukani, kiache mpaka ukipime. Na ufungaji wao usiutegemee hata kidogo.

Tuanze na sahani, maana ndizo zinazolifanya duka hili listahili safari. Nyingi ni za Boch Frères, kiwanda kilichoanzishwa La Louvière mwaka 1841 na ukoo uleule wa Boch wa Villeroy & Boch. Geuza sahani utafute herufi BFK, au neno Keramis, au Boch pamoja na La Louvière. Alama nyingine ya Ubelgiji inayoonekana ni Nimy. Hizi si kauri halisi. Ni udongo mweupe uliofunikwa kwa glezi, ule utando wa kioo unaoipa sahani mng'ao. Ni nene, nzito, na mwanga haupiti. Mtu akikuuzia BFK ya namna hii kwa bei ya kauri nyembamba inayopitisha mwanga, mkumbushe.

Kuna pia mabakuli ya Maastricht, Uholanzi, na hapa ndipo macho yafunguke. Viwanda vya Petrus Regout na Société Céramique viliuza kwa wingi Afrika Mashariki mabakuli na sahani za kupakwa rangi kwa mkono na za kugongwa kwa sponji: maua mekundu, majani ya kijani, mistari ya buluu ukingoni. Ni mabakuli yaliyolengwa soko la pwani na barabara ya misafara, na Ujiji ilikuwa mwisho wa barabara hiyo. Ya Regout hutambulika kwa picha ya Sfinksi, yule simba mwenye kichwa cha mtu, pamoja na neno Maastricht. Ya Société Céramique huwa na jina hilo kamili. Viwanda hivyo viwili viliungana mwaka 1958, kwa hiyo bakuli lenye jina la Société Céramique peke yake ni la kabla ya hapo. Kwenye mabakuli ya kupaka kwa mkono, tafuta mistari isiyolingana na pale brashi ilipoanzia na kuishia. Ukikuta maua mawili yanayofanana nukta kwa nukta, hilo limechapwa.

Ugonjwa wa vyombo vya aina hii ni mmoja: mtandao wa nyufa ndogo juu ya glezi. Udongo wa ndani hunyonya unyevu na kuvimba kidogo kidogo kwa miaka, glezi haivimbi nao, basi inapasuka. Nyufa zenyewe hazimharibii mkusanyaji kitu, ila kinachoingia ndani yake ndicho kinachoharibu. Mafuta ya mawese yakishapenya, sahani hupata madoa ya kahawia au ya machungwa ambayo sabuni haiyafikii. Kipimo: iweke sahani juani dakika ishirini kisha inuse. Ikitoa harufu ya mafuta yaliyochacha, kazi ya kuisafisha itakuwa ndefu, na bei ishuke. Sahani ya BFK safi huanzia shilingi 10,000 hapo. Yenye mtandao wa madoa usitoe zaidi ya 4,000.

Wengi wakifika nyumbani hukimbilia Jiki. Usithubutu. Klorini huondoa doa leo lakini huacha chumvi ndani ya udongo. Chumvi ikikauka hugeuka fuwele, na fuwele huibandua glezi vipande vipande miezi kadhaa baadaye. Tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, asilimia 3 hadi 6. Kwanza loweka sahani kwenye maji safi saa moja ili udongo ujae maji na dawa isizamishe doa ndani zaidi. Kisha funika doa kwa pamba iliyolowa peroksaidi, zungushia mfuko wa plastiki, iache siku moja au mbili, ukiongeza dawa pamba ikianza kukauka. Halafu loweka tena kwenye maji safi siku mbili ukiyabadilisha, na ikaushe kivulini wiki nzima. Sahani yenye ukingo wa dhahabu usiifanyie hivyo pale penye dhahabu. Doa lisipotoka baada ya mara tatu, livumilie.

Sasa glasi. Duralex zipo za kutosha, za rangi ya asali na zisizo na rangi. Kiwanda kiko La Chapelle-Saint-Mesmin, karibu na Orléans, Ufaransa, na kimekuwa kikitengeneza glasi zake tangu 1945. Glasi yenye mbavu pana zinazopanuka kwenda juu ni Picardie, ya mwaka 1954. Ile laini yenye mkanda karibu na mdomo ni Gigogne, ya 1946. Namba iliyoko chini kitakoni ni ya kalibu. Haihusiani na mwaka wala ujazo, na yule kijana msaidizi dukani anayesema “hii namba 12 ni ya zamani zaidi” anasema tu. Maumbo haya mawili bado yanatengenezwa, kwa hiyo umri wa glasi hautajulikana kwa umbo. Tazama uchakavu wa kitako. Glasi iliyotumika miongo huwa na pete ya mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio pale inapogusa meza. Pete hiyo ikiwa haipo, hiyo ni mpya iliyopakwa vumbi.

Glasi hizi hukazwa kwa moto: hupashwa hadi karibu nyuzi 700 kisha hupulizwa hewa baridi ghafla, ngozi ya nje ikabanana na moyo wa ndani ukabaki umevutika. Ndiyo sababu huanguka sakafuni na kudunda. Lakini mkwaruzo mrefu ukitoboa ile ngozi ya nje, nguvu yote huachiliwa mara moja na glasi hupasuka kama chumvi ya mawe, pengine ikiwa imetulia kabatini usiku. Pitisha ukucha kuanzia mdomoni hadi chini. Ukucha ukinasa mahali, irudishe rafuni hata kama inauzwa 500. Nzima ni 2,500, bei ya haki.

Durobor ya Soignies, Ubelgiji, iko pia, na wengi huipita kwa kuidhani glasi ya soda ya kawaida. Soma kitakoni. Kiwanda hicho kilianzishwa 1928 kwa lengo la kutengeneza glasi ambazo mdomo wake haumeguki kwa urahisi, na ukitazama mdomo kwa pembeni utaona umeviringwa na kuwa mnene kidogo kuliko ukuta. Duka linaziuza 1,500 pamoja na zisizo na jina. Hapo mwenye kujua ana nafasi yake.

Arcopal, zile sahani nyeupe za kioo cha maziwa zenye maua ya buluu au ya machungwa, zipo nyingi kupita kiasi. Zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1958. Ukitaka kuitofautisha na kauri, shika ukingo mkabala na jua: kioo cha maziwa hutoa wekundu wa moto ukingoni, kauri haitoi. Jina huwa limefinyangwa chini kwenye kioo chenyewe. Kinachoua bei yake ni maua kufifia. Watu wanazisugua kwa stili waya na majivu, na picha iko juu, haina cha kuilinda. Sahani ambayo maua yamebaki nusu ni ya kulia ugali, haifai kabatini.

Kwenye vioo vyote vya Kigoma kuna ukungu mweupe, na ni muhimu kujua ni ukungu gani, kwa kuwa mmoja unatoka na mwingine hautoki. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya karibu 9, yaani yako upande wa magadi, na madini ya magnesi ya kutosha. Glasi ikioshwa kwa maji hayo na kuachwa ikauke yenyewe, kila tone huacha ganda. Hilo ni ganda tu. Chukua siki kiasi kimoja na maji ya vuguvugu kiasi kimoja, loweka kuanzia saa moja hadi usiku kucha, kisha suuza kwa maji ya mvua au ya chupa na ukaushe kwa kitambaa papo hapo. Ndimu nayo inafanya kazi, taratibu zaidi. Kwa chupa zenye shingo nyembamba, kama mrashi wa kioo au karafu, ile chupa ya kumiminia vinywaji mezani, weka kijiko cha mchele mkavu pamoja na siki kidogo, uzungushe. Mchanga usitie kabisa.

Ukungu wa pili ni kioo chenyewe kilicholiwa. Majivu ya kuoshea ni makali kwa kioo, yanakula uso wake pole pole huku yakikwaruza. Na maji yaliyosahauliwa ndani ya karafu kwa miezi hufanya vilevile. Dalili yake: ukiilowesha glasi inang'aa vizuri, ikikauka ukungu unarudi palepale, na siki haikubadilisha chochote. Bibi mwenye duka anajua siri hii na huwa na kitambaa kibichi mkononi. Si kwa ubaya, anapenda vyombo vionekane, lakini wewe mwombe kwa adabu: “Bibi, naomba niikaushe kwanza niione vizuri.” Hakatai. Ikikauka ikiwa na wingu, bei ni nusu au uiache.

Kwenye kristali duka linapoteza alama. Kila glasi yenye nakshi za kukatwa inaitwa kristali, na kila kristali ni 40,000 kwenda juu. Tofauti ipo, na inapimika. Kwa kanuni za Ulaya za mwaka 1969, chombo kiitwacho kristali ya risasi, yaani kioo kilichotiwa madini mazito ya risasi, kiwe na oksidi ya risasi isiyopungua asilimia 24, na uzito wake uwe angalau mara 2.9 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Kioo cha kawaida ni kama mara 2.5. Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua mzani wa dijitali wa jikoni unaosoma gramu, na bakuli la plastiki lenye maji. Pima glasi ikiwa kavu. Weka bakuli la maji juu ya mzani, urudishe namba kwenye sifuri. Funga glasi kwa uzi, izamishe yote ndani ya maji ukiishika kwa uzi, isiguse chini wala pembeni, na usiache hewa imenaswa ndani. Soma mzani. Gawanya uzito wa kavu kwa namba hiyo. Glasi ya gramu 300 ikisoma 120, jibu ni 2.5: kioo cha kawaida kilichofinyangwa. Ikisoma 100, jibu ni 3.0: hiyo ni kristali kweli, na 40,000 si ghali.

Bila mzani, tumia macho na kidole. Nakshi ya kufinyanga kwenye kalibu ina kingo za mviringo, na mahali fulani utaona mshono wima kuanzia chini hadi karibu na mdomo. Nakshi ya kukatwa kwa gurudumu ina kingo kali zinazokwaruza kidole, na haina mshono. Nyakati nyingine kati ya zile za 40,000 hukaa kipande cha Val Saint Lambert, kiwanda cha Seraing karibu na Liège kilichoanza 1826. Vipande vingi vya kiwanda hicho havina alama yoyote, na vile vyenye alama huwa na jina lililochorwa kwa asidi chini, hafifu sana, linaloonekana ukipumulia kitako na kukiinamisha kwenye mwanga. Jina hilo ukiliona, acha kubishana bei.

Kuhusu vioo vya kijani na vya njano iliyokolea: beba taa ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia noti. Wakala wa pesa wengi wanayo, na inauzwa rahisi. Ikimulika gizani kioo chenye urani, madini yenye mionzi, kioo chote huwaka kijani kikali. Kikiwaka kijani hafifu, cha kinyonge, hiyo ni madini ya manganizi, jambo la kawaida kwenye vioo vya zamani. Kioo cha urani kuwekwa kabatini si hatari. Kukifanya cha kunywea juisi ya ndimu kila siku si akili. Kwenye rafu za duka hili kimekuwepo kibakuli cha namna hiyo, kikiuzwa 3,000 kama cha kuwekea pipi.

Taa hiyohiyo ina kazi kubwa zaidi: kufichua viraka. Gundi, rangi na plasta ya kuzibia huwaka tofauti na glezi, mara nyingi nyeupe ya maziwa au ya kijivu. Bila taa, gusa kwa ncha ya sindano: kwenye glezi sindano huteleza, kwenye kiraka hukwama. Kuna na viraka vya heshima, vile vya zamani ambavyo fundi alitoboa matundu madogo pande mbili za ufa na kuzibana kwa pini za chuma. Bakuli la Maastricht lenye pini tatu kama hizo lilithaminiwa na mwenyewe kiasi cha kulipia fundi. Usizing'oe pini, na usilijaribu kwa mchuzi wa moto.

Seti za chai ni uwanja wa mitego midogo. Muuzaji anapanga vikombe sita, visahani sita, buli, kisukari na jagi la maziwa kwenye sinia, na kwa mbali vinafanana. Tumia rula. Pima pete ya chini ya kikombe, kisha pima duara la katikati ya kisahani; kikombe kikae bila kucheza. Geuza kila kipande usome namba ndogo ya nakshi iliyoandikwa kwa mkono. Ya vyote iwe moja. Weka kikombe mkabala na tochi ya simu, vidole vyako upande wa pili: kauri ya mfupa huonyesha kivuli cha vidole waziwazi, na rangi yake ni nyeupe ya maziwa yenye joto. Hiyo hutengenezwa kwa nusu majivu ya mifupa ya ng'ombe, robo udongo wa kaolini na robo jiwe la Cornwall, mchanganyiko uliotengemazwa na Josiah Spode huko Stoke, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18. Gonga kwa ukucha: mlio mrefu ni mzima, mlio wa “tap” uliokatika ni ufa uliojificha, kwa kawaida pale mkono wa kikombe unapoungana na tumbo.

Vikombe vya mawaridi mekundu na manjano vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo kila nyumba yenye kabati la vioo inavyo, asili yake ni nakshi ya kiwanda cha Kiingereza cha Royal Albert iitwayo Old Country Roses, iliyotoka 1962. Vingi vya hapo dukani ni vya kuigiza. Cha asili kimeandikwa jina la nakshi na Bone China England chini yake, na uzalishaji ulihamia Asia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chenye waridi tu bila maandishi ni cha maduka ya jumla, kinywee chai.

Alama za nchi nazo husaidia kupanga umri. England peke yake huwa ni ya kuanzia 1891, Marekani ilipoanza kudai jina la nchi kwenye bidhaa zinazoingia kwao. Made in England ni desturi ya karne ya 20. Nippon, yaani Japani, ni 1891 hadi 1921. West Germany ni kuanzia 1949 hadi 1990. Kwa Made in China, usiikunjie uso. Wakati wa ujenzi wa TAZARA, miaka ya 1970, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina kwenye maduka ya umma, na vyombo vya wakati ule vina historia yake kamili. Vinavyotafutwa ni vile vya buluu na nyeupe vyenye “punje za mchele”: matundu yaliyotobolewa kwenye udongo mbichi kisha yakajazwa glezi, ukiinua juani yanapitisha mwanga. Seti ya vibakuli vinne vya hivyo kwa 12,000 ni ya kuchukua leo, si kesho.

Rafu ya chini kabisa, nyuma ya masufuria, ndiyo tamu. Kuna vioo vya chemli, vya kandili na vya karabai. Wavuvi wa dagaa wamehamia taa za sola na betri, na karabai zimerudi nyumbani. Tafuta kioo kilichochapwa Jena au Jenaer Glas: ni kioo cha borosiliketi cha kiwanda cha Schott, aina iliyozaliwa Jena, Ujerumani, miaka ya 1880 na ikapata soko lake la kwanza kubwa kwenye taa, maana inastahimili tone la mvua likiigonga ikiwa ya moto. Kioo cha kawaida kikigongwa hivyo hupasuka. Kagua kingo za juu na chini. Kumeguka kudogo ukingoni ni kawaida, ufa unaopanda kutoka ukingoni ni wa kukataa. Bei 15,000, na kwa kioo kizima chenye maandishi yasiyofutika ni ndogo. Soksi za zamani za karabai zikiwa bado zimefungwa humo, usizipulize vumbi: nyingi za zamani zina thoriamu, yenye mionzi kama urani.

Kwenye rafu hiyohiyo kuna bakuli za Pyrex. Zenye herufi JAJ ni za Jobling wa Sunderland, waliotengeneza tangu miaka ya 1920. Ni za oveni, si za jiko la mkaa. Mkaa hupasha doa moja kitakoni huku kuta zikiwa baridi, na hapo hata borosiliketi hushindwa.

Neno kuhusu kutumia. Rangi zilizopakwa juu ya glezi, hasa nyekundu na njano za zamani, zinaweza kuwa na risasi na kadimi. Pitisha kidole: ukihisi mwinuko wa rangi, iko juu ya glezi. Hizo zisiwekewe achari, ukwaju, pilipili ya ndimu wala siki. Karafu ya kristali ni ya kumiminia mezani, isilaze kinywaji ndani. Na chochote chenye dhahabu kisiingie maikrowevu.

Sasa lile la ufungaji. Dukani watakuzungushia gazeti moja na kukutilia kila kitu kwenye kiroba. Kwa daladala hadi Mwanga, mjini Kigoma, hiyo inafika. Kwa treni ya kilomita zaidi ya 1,200 hadi Dar, au basi la Tabora, haifiki. Beba maboksi mawili, dogo liingie ndani ya kubwa kwa nafasi ya sentimita tano kila upande. Nafasi hiyo jaza pumba za mpunga zilizofungwa kwenye mifuko ya plastiki, zisipofungwa huhama na kuacha pembe wazi. Karatasi ya kwanza kugusa chombo iwe nyeupe. Wino wa gazeti huingia kwenye pete ya chini isiyo na glezi na hautoki. Sahani zisimamishe wima kwa ukingo kama vitabu, usizilaze: zikilazwa, mshtuko wa juu unashuka katikati ya sahani zote, na ya chini ndiyo inayolipa. Vikombe vijaze karatasi ndani na kuzunguka mkono. Vifuniko vya mabuli vifungwe peke yake. Tikisa boksi, ukisikia kitu, fungua upya. Kisha lipande na wewe behewani, lisiende kwenye behewa la mizigo.

Mara chache kijana atatoa mfukoni vigae vya bakuli au ushanga wa kioo “uliochimbwa”. Ujiji ya karne ya 19 kweli ilitumia ushanga kama fedha sokoni, ule ulioitwa sofi, na kilichomo ardhini pale kina thamani kikiwa palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazuia kuchimba na kusafirisha nje vitu hivyo bila kibali. Mwambie hapana.

Kupunguziwa bei kupo, lakini kwa utaratibu. Shikamoo kwanza, kahawa ikija usiikatae, na utaje kasoro ukiwa umeshika chombo, si ukiwa mlangoni. “Bibi, hii imemeguka hapa, nifanyie elfu sita.” “Saba mwanangu, na kisahani kile chukua.” Hupokea kurudishiwa chombo siku hiyohiyo kabla ya alasiri, kikiwa kikavu na karatasi yake. Anayetafuta kisahani kimoja cha kukamilisha seti amwachie kipimo cha pete kwa milimita na picha ya alama ya chini. Yeye huwauliza wanaovuka kutoka Uvira na Bujumbura, na simu hupiga mwenyewe.